Taa nyingi zikiwaka ndani ya wingu la barafu: itafute ile iliyozizaa nyingine

Kila nikiwaambia majirani zangu hapa Mbweni kwamba nimewahi kuponea chupuchupu angani kwa sababu ya barafu, huniuliza swali moja: barafu ya wapi, nawe ulikuwa unatoka Mwanza kuja Unguja? Wana haki ya kuuliza. Pale uwanjani Kiembe Samaki, mchana wa Februari, joto la lami hukupanda mpaka magotini. Lakini hesabu yake nyepesi. Kila unapopanda futi 1,000, hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 2. Ukiondoka pwani na nyuzi 30 au 31, ukifika futi 15,000 au 16,000 umeshaikaribia sifuri. Ndiyo maana Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni ilhali uko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Na mawingu yetu ya masika hayaishii hapo. Lile wingu zito la radi hupita hata futi 40,000, na katikati yake mna matone yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, yanangoja kitu cha kugandia. Kitu chenyewe ni bawa lako.

Mimi mzaliwa wa Wete, mtoto wa nahodha wa jahazi, na nimerusha ndege miaka 22. Haya nawaandikia vijana wanaoanza ndege za injini mbili katika njia zetu, kwa sababu skulini tulifundishwa hitilafu moja moja: leo jenereta, kesho kipimo cha mwendo, keshokutwa otopailoti, ule mtambo unaoirusha ndege wenyewe. Ndani ya barafu haziji hivyo. Zinakuja kundi zima, na aghlabu kundi lile lina mama yake.

Siku yenyewe

Ilikuwa Aprili, saa kumi alasiri. Tulikuwa wawili mbele, abiria sita nyuma. Tumeshaipita Dodoma, futi 19,000, nje nyuzi 9 chini ya sifuri, tumo ndani ya wingu. Vya kuzuia barafu vyote vimewashwa: joto la mirija ya pito (ile mirija midogo iliyotokeza nje kupokea upepo, ndiyo inayotupa mwendo), joto la vioo vya mbele, joto la rafadha (yale makafi yanayozungushwa na injini), na buti za mpira kwenye makali ya mabawa ambazo hufura kwa hewa zikaibandua barafu.

Kwanza ikawaka taa ya jenereta ya kushoto. Sikushtuka, maana ya kulia ipo. Nikaomba chekilisti. Kabla rubani mwenzangu hajaufikia ukurasa, kioo changu kikaanza kufunga weupe kutoka pembeni. Ukafuata mtikisiko, kama gari iliyopoteza risasi ya kusawazisha gurudumu. Kisha kipimo changu cha mwendo kikaanza kuteremka: noti (maili za bahari kwa saa) 190, 160, 130. Otopailoti ikapiga mlio wake ikajiondoa, ndege ikawa mikononi mwangu.

Nilihesabu hitilafu tano ndani ya dakika mbili, na kosa langu ndilo hilo, kukaa nikizihesabu. Jicho likawa linaruka kutoka taa hii kwenda ile, na mkono, bila mimi kuuagiza, unaisukuma pua chini kwa kuwa kipimo kinaniambia mwendo unakwisha. Tulishapoteza futi 400 hivi niliposikia sauti ya mwenzangu, binti wa Chake Chake, ambaye saa zake za angani hazikufika hata sehemu ya kumi ya zangu.

"Kapteni, mie kwangu mwendo 185. Na vyote vilivyokufa viko upande wako."

Nikainua macho. Kweli. Kioo chake kiko wazi, safi. Kipimo chake kimetulia. Jenereta ya kushoto ilipozima, kiungo cha umeme kati ya pande mbili kilijifungua, kama kilivyoundwa, ili ubovu wa kushoto usiivute ya kulia. Kwa hiyo kila kilichokula umeme wa kushoto kikalala: joto la kioo changu, joto la rafadha yangu (ndio mtikisiko, rafadha inabeba barafu isiyo sawa kwenye makafi yake), joto la pito yangu, na otopailoti iliyokuwa ikisoma mwendo wa pito hiyohiyo. Si hitilafu tano, ni moja tu.

"Basi endesha wewe," nikamwambia.

"Naendesha mie."

Baba alikuwa akitwambia kwamba chombo kikivuja na tanga likapasuka kwa wakati mmoja, mwenye msukani hauachi msukani kwenda kufua ngama, yaani kukumba maji yaliyoingia chomboni. Lakini alisema na jingine, ambalo wengi hulisahau: nahodha akiingiwa na maji ya chumvi machoni, msukani apewe anayeona, nahodha afue ngama yeye. Siku ile mwenye macho alikuwa binti wa Chake Chake.

Kabla ya taa, pua na nguvu za injini

Jambo la kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi, ni kuirusha ndege kwa namba unazozijua kabla hujaondoka chini. Kila ndege ina ndoa kati ya mwelekeo wa pua, nguvu za injini na mwendo. Ile yetu, ikiwa futi 19,000 kwa nguvu ya kawaida ya safari na pua nyuzi 2 juu ya upeo, haiwezi kuwa na noti 90. Haiwezekani. Mimi niliijua namba hiyo, na bado mkono wangu ulikiamini kipimo.

Kwa hiyo andika kadi. Si ya mtihani, ya mfukoni. Siku ya hewa tulivu, mko juu hamna shughuli, andika: kupanda, pua ngapi, nguvu ngapi, mwendo gani, kukaa sawa, kushuka, kushuka magurudumu yakiwa chini. Mistari minne au mitano inatosha. Barafu ikikaa kwenye bawa, mwendo utakuwa chini kidogo ya kadi kwa nguvu ileile, na hiyo nayo ni habari: ukiona kadi inasema 190 na vipimo vyote viwili vinasema 170, bawa limebeba mzigo. Ukiona kimoja 185 na kingine 90, mrija mmoja umeziba.

Nisemavyo hivi sisemi nadharia. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France aina ya Airbus A330, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliingia kwenye mawingu makubwa ya Atlantiki karibu na ikweta, futi 35,000. Mawingu yale ni ndugu wa haya yetu. Chembe za barafu zikaiziba mirija ya pito, otopailoti ikajiondoa, vipimo vya mwendo vikapotea kwa muda usiofika dakika moja. Dakika moja tu. Ndege yenyewe, injini zake na mabawa yake, vilikuwa vizima. Lakini pua iliinuliwa, ndege ikapanda mpaka karibu futi 38,000, bawa likaacha kubeba, na kwa dakika zisizozidi nne na nusu tangu otopailoti ijiondoe wakaanguka baharini, watu 228. Kila ninapofundisha huanza na hii, na kila mara nafikiri kwamba kama mtu angeishika pua palepale ilipokuwa na nguvu palepale zilipokuwa, akahesabu mpaka sitini, mirija ingefunguka.

Basi hilo ndilo la kufanya mwendo ukichezacheza: mabawa sawa, pua penye namba yako, nguvu penye namba yako, mikono itulie. Kisha ndiyo utazame vipimo vyote vitatu, chako, cha mwenzako na kile cha akiba katikati. Usifanye kura ya wengi peke yake, maana viwili vinaweza kuziba pamoja. Hakimu ni kadi.

Kuna ujanja mmoja wa mrija ulioziba unaoua. Ukiziba tundu la mbele peke yake, mwendo hushuka kuelekea sifuri, nawe utashtuka mapema. Ukiziba tundu la mbele na lile dogo la kutolea maji, kipimo huganda na kugeuka kipimo cha kimo: ukipanda, mwendo unaonekana kuongezeka, ukishuka, unaonekana kupungua. Sasa fikiria unashuka kuikimbia barafu, na kipimo kinakwambia mwendo unapungua. Ukimsikiliza utaisukuma pua zaidi, ndege inazidi kushuka, kipimo kinazidi kupungua. Ukijua mapema kwamba uongo huo upo, hautakupata.

Injini nayo ina vipimo vinavyodanganywa na barafu. Januari 13, 1982, Boeing 737 ya Air Florida iliruka Washington kwenye theluji bila kuwashwa kinga ya barafu ya injini. Kitambuzi cha nguvu kiliziba, kikaonyesha nguvu za kurukia ilhali injini zilikuwa chini ya hapo, na ndege ikaangukia daraja la mto Potomac. Walikufa 78, wanne kati yao walikuwa darajani. Tazama vipimo vingine vya injini: mizunguko, mtiririko wa mafuta, joto. Kimoja kikitofautiana na wenzake, huyo ndiye mshukiwa.

Kuutafuta mzizi

Ndege ikishatulia, ndipo uulize: hivi vilivyolala vinakula chungu kimoja? Vyungu ni vichache.

Umeme ndio wa kwanza kushukiwa. Kaa chini na mchoro wa umeme wa ndege yako mpaka uweze kuuchora kwenye karatasi ya sambusa: jenereta ya kushoto inalisha nini, ya kulia nini, betri nini. Vitu vya barafu ndivyo walaji wakubwa kuliko vyote, khasa vioo na rafadha. Jenereta moja ikifa na ya pili ikabebeshwa vyote, nayo inaweza kuanguka. Punguza mzigo mapema, kwa mpangilio wa kitabu cha ndege yako. Zote mbili zikifa, betri aghlabu itakupa nusu saa kama umeshazima visivyo vya lazima, na pengine chini ya hapo kama betri ni kuukuu. Fyuzi iliyoruka usiirudishe hovyo. Mara moja tu, kwa kifaa ambacho huwezi kufika bila yake. Ikiruka tena, iache.

Cha pili ni hewa. Ndege za tabini (injini isiyo ya pistoni) hutoa hewa ya moto kwenye injini ili kufurisha buti, na hewa hiyohiyo hulisha vingine, kama hewa ya chumba cha abiria. Ukiona buti hazifuri na chumba nacho kinapoteza mgandamizo, usifungue chekilisti mbili. Itazame hewa ya injini. Kwenye ndege za zamani za pistoni kuna pampu inayozungusha jairo (vigurudumu vya ndani ya kipimo) za kuonyesha upeo na huku ndiyo inayofanyia kazi buti. Pampu ikifa unapoteza buti na upeo kwa pamoja, nawe umo wingu jeupe. Huo ni mchana wa kutisha kuliko wa kwangu.

Cha tatu ni barafu yenyewe, ambapo hakuna kifaa kilichoharibika ila vyote vinasema uongo. Tundu la hewa tulivu, lile la ubavuni linalolisha vipimo vya kimo, likiziba, kimo kinaganda na kipimo cha kupanda na kushuka kinakaa sifuri. Fungua tundu la akiba. Wengi husahau kwamba lipo.

Nyie mkiwa wawili, mmoja arushe na asifanye jingine lolote, mwingine asome na aguse swichi. Arushe yule ambaye vipimo vyake ni vizima, hata kama ana umri wa mwanao. Kabla ya kugusa swichi isiyorudishika, itaje kwa sauti, mwenzako aseme ndiyo.

Kutoka

Ndugu zetu wa Ulaya wakati wa baridi wanaweza kushuka mpaka ardhini wasilipate joto. Sisi tunalo joto chini yetu mwaka mzima. Tukishuka kwa futi 4,000 au 5,000 tu kutoka tulipo, barafu inaanza kuachia. Na kushuka kunatibu mawili kwa mpigo: penye joto huhitaji tena kuvipa umeme vioo na rafadha, kwa hiyo jenereta iliyobaki inapumua. Kwangu mimi hiyo ndiyo dawa ya kwanza katika anga letu.

Ila uijue milima. Ukitoka Mwanza au Dodoma kuja pwani, Uluguru ina vilele vinavyokaribia futi 8,700, basi futi 12,000 ni salama na ni joto. Ukitoka Arusha au Kilimanjaro mambo ni mengine: Meru una futi karibu 15,000, Kilimanjaro futi 19,341. Hapo usishuke kwa pupa. Geuka kwanza, urudi ulikotoka penye hewa uliyoijua, kisha ushuke.

Waambie waongozaji ndege. Vijana huona haya, wanaogopa karatasi za kujaza. Sema pani-pani (wito wa shida isiyo ya hatari ya papo hapo) mara tatu, taja jina la ndege, sema "barafu, jenereta moja imekufa, naomba kushuka futi 12,000 sasa." Usingoje wakujibu ikiwa bawa linakuacha, hapo ni meidei, wito wa hatari kubwa, weka 7700 (namba ya dharura) kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, shuka. Waongozaji wa Dar es Salaam siku ile walitupa kimo kabla sijamaliza sentensi.

Otopailoti, kama bado inafanya kazi, iondoe ukiona barafu inakaa au mwendo unapungua bila sababu. Itakuficha dalili. Oktoba 31, 1994, ATR 72 ilikuwa inazunguka ikisubiri zamu karibu na Roselawn, Indiana, huku barafu ikijijenga nyuma ya buti, pasipofikiwa na mpira. Otopailoti ilipoachia, ndege ilibinuka ghafla. Walikufa watu 68. Mkono wa binadamu ungeuhisi usukani unabadilika. Ndege za familia ile tunazo angani kwetu kila siku.

Usipunguze mwendo, usigeuke kwa mwinamo mkali, na flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) usiziguse mpaka barafu imetoka. Mkia nao hubeba barafu, tena huioni ulipokaa. Ukishusha flapu na pua ikataka kutumbukia palepale, zirudishe ulikozitoa. Hapa kwetu mara nyingi barafu itakuwa imeshayeyuka kabla ya kufika huko, kwa hiyo sitakaa sana hapo.

Nyinyi wa injini moja msijione mko salama

Mwenye ndege ndogo ya kabureta hahitaji futi 16,000. Ndani ya kabureta, mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikipita penye shingo nyembamba, joto linaweza kushuka hata nyuzi 30. Hewa yetu ya kisiwani, nyuzi 27 na unyevu wa kuloweka shati, inatosha kuganda humo ukiwa futi 1,500 juu ya mkondo wa Pemba, umepunguza nguvu unashuka kwenda Chake Chake. Dalili ni mizunguko kupungua kidogo kidogo bila kuguswa. Vuta joto la kabureta lote, si nusu. Injini itakohoa na kudhoofika zaidi kwa muda, kwa sababu inayameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Hapo ndipo watu hurudisha mkono. Usirudishe. Ngoja.

Kutua, na baada ya kutua

Sisi kwenye futi 14,000 tulianza kusikia vipande vya barafu vikitoka kwenye rafadha na kugonga ubavu wa ndege. Abiria waliogopa kuliko wakati wote, nami nikawaambia hiyo ndiyo sauti nzuri. Futi 12,000 mtikisiko ukaisha. Mrija wangu wa pito ukafunguka wenyewe, mwendo ukarudi 190 kama hapakuwa na kitu.

Ndege iliyopoteza vifaa ipeleke penye njia ndefu, hata kama abiria wako wanakwenda kwingine. Ya Unguja inazidi mita 3,000. Mwenye abiria wa Pemba asione uzito kuwashusha Unguja wakalale kwa jamaa. Fanya chekilisti ya kutua mapema, mkiwa bado mbali, kwa sababu mmoja wenu atakuwa amechoka bila kujijua. Mie nilichoka, na nilimwachia binti atue yeye.

Mkisimama, msizirudishe fyuzi zilizoruka wala msizime-zime swichi ili ndege ionekane nadhifu. Kila mmoja aandike peke yake, kabla hamjaongea: nini kilianza, saa ngapi, kimo gani, joto la nje. Mimi niliandika kwamba kioo kiliganda kwanza. Mwenzangu aliandika kwamba jenereta ndiyo iliyotangulia, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa karatasi yake fundi alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta ya kushoto, akakuta waya mnene umelegea penye nati yake, umeungua mweusi.